Kinu cha Watu Ishirini na Nne

Majina yao yote ninayo. Wa kwanza mpaka wa ishirini na nne, kwa mpangilio uleule waliosomwa, halafu watatu walioongezwa, halafu zile hisa thelathini na tatu za ahadi, ambazo wenyewe wengi sikuwahi hata kuwaona uso. Siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zao bado wananunua viazi kwangu, na mtu akishaona jina la babu yake kwenye karatasi ananuna, anahamia kwa muuza viazi mwingine. Lakini asidhani nimesahau. Shule nilisoma miaka miwili tu, chini ya mwinjilisti aliyetukaririsha katekisimu asubuhi na kutupeleka kupalilia mahindi yake mchana. Kuandika nilijifunza vibaya. Kukariri nilijifunza vizuri mno, na hilo wenye kampuni ya kinu hawakulitegemea.

Siku hizi nawasikia watu wakizungumza habari za hisa kana kwamba ni kitu kilichokuja juzi na wavaa tai. Mwanamume anasimama arusini, anasema, "Mimi nina hisa mia mbili," halafu anakaa, anasubiri tushangae. Mia mbili katika ngapi? Hajui. Mwaka jana zote zilikuwa ngapi? Hajui. Na walioahidiwa ila bado hawajapewa, je? Hapo anakutazama kama umemtukana mama yake. Mama yangu hakujua kusoma hata herufi moja, na maswali hayo matatu aliyajua enzi za Mwingereza.

Kijiji chetu kiko kati ya Njombe na Makambako, ukiiacha barabara kuu unateremka bondeni. Baba alifia mkongeni. Hatukuletewa mwili, tuliletewa blanketi lake na salamu za nyapara. Alimwacha mama na watoto wa kike wawili, mimi nikiwa mkubwa, na alituachia kinyungu. Asiyejua kinyungu nimweleze: ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi usiokauka. Wakati wa kiangazi, shamba la mlimani likiwa vumbi tupu, wewe unainua matuta bondeni na kupanda maharage, njegere na mahindi. Hayo ndiyo yanayokuvusha miezi ya njaa, mvua zinapopiga na ghala limebaki na panya peke yao. Cha kwetu kilikuwa kizuri kiasi kwamba watu walikuwa wakipita wanapunguza mwendo.

Sasa huyo nyapara wa salamu ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kampuni. Alikuwa ndugu wa baba, babu yao mmoja, kwa hiyo yeye na mama waliitana shemeji. Alirudi kutoka mkongeni na kofia, mwavuli, na daftari lenye jalada gumu. Kwa miaka yote aliyokaa huko alijifunza jambo moja tu, kwamba mwenye kampuni hakai juani. Kwa hiyo aliporudi akaona aanzishe kampuni.

Wanawake wa kwetu walikuwa wakisaga kwa jiwe, wamepiga magoti, au wakitembea nusu siku kwenda kwenye kinu cha misheni. Mwenyekiti akasimama nje ya kanisa baada ya ibada, akasema tujenge kinu cha maji, chetu wenyewe, kampuni ya watu wote, anayetaka aingie. Mto upo, mteremko upo, mawe yapo. Kila mwenye hisa atakuwa na siku yake. Siku hiyo, kila anayekuja kusaga debe la mahindi atatoa kopo moja la nafaka, na makopo ya siku hiyo ni ya mwenye siku, ukitoa kidogo cha mzee anayelinda kinu. Hisa ishirini na nne, siku ishirini na nne, Jumapili kinu kinalala. Wengine walinunua hisa kwa mbuzi, wengine kwa miti ya kujengea, wengine kwa fedha waliyorudi nayo kutoka mkongeni.

Mama alinunua kwa kinyungu. Mfereji wa kupeleka maji kinuni ulikuwa hauna njia nyingine isipokuwa kupita pale, labda uzungushwe nyuma ya kilima ambako ni mwamba mtupu.

"Shemeji, wewe usihangaike na mbuzi," mwenyekiti alimwambia, amesimama juu ya tuta la njegere, mwavuli umefunguliwa na mvua hakuna. "Toa kinyungu, mfereji upite. Una hisa moja kamili."

"Moja katika ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Na mwakani?"

"Mwakani nini, shemeji? Hisa ni hisa. Ishirini na nne mpaka dunia iishe."

"Basi kaliseme kanisani, wenzangu wasikie. Na teremka kwenye tuta langu, bado ni langu."

Akalisema. Maana kwetu, neno lililosomwa nje ya kanisa baada ya ibada lilikuwa limefungwa. Mwinjilisti aliyasoma majina yote ishirini na nne, mama akawa wa saba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikayameza kama nilivyomeza Amri Kumi.

Wa saba, maana yake ukianza Jumatatu ukahesabu siku za kazi sita, mama anaangukia Jumatatu ya pili. Na kwa kuwa ishirini na nne ni wiki nne kamili, siku yake haikuhama. Kila baada ya wiki nne, Jumatatu. Jumatatu hiyo tulikwenda kinuni kukiwa na umande, mama amejifunga kitenge kipya kuliko vyote viwili alivyokuwa navyo, anakaa mlangoni na kopo lake. Hakuzidisha wala hakupunguza. Jioni tulirudi na debe mbili, wakati mwingine mbili na nusu. Zilitosha kwa ugali wa wiki nne, tukijibana. Kinyungu hakikuwepo tena, ila Jumatatu ilikuwepo, na Jumatatu haikuhitaji palizi. Mwaka mzima tuliishi hivyo.

Halafu ikaja Alhamisi.

Tulifika Jumatatu yetu tukamkuta mtu mwingine mlangoni, yule wa nne katika majina, tena na kopo kubwa kuliko letu. Mama akamwambia, "Bwana, umekosea siku." Akajibu, "Mama, wewe ndiye umekosea. Kumeongezwa watatu mwishoni. Wewe sasa ni Alhamisi."

Tukaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa amekaa barazani anakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi.

"Shemeji, kampuni imekua!" akasema. "Badala ya kufurahi unanuna?"

"Vinu ni vingapi?"

"Kimoja."

"Mawe?"

"Yaleyale."

"Basi kilichokua ni nini?"

Akaeleza. Fundi seremala alitengeneza gurudumu upya, akapewa hisa. Jumbe wa kijiji kapewa hisa, kwa heshima. Na kaka yake mwenyekiti kapewa hisa, kwa sababu, kwa sababu, nadhani mpaka amefukiwa hakuipata sababu. Ishirini na saba. Mama akasema la fundi amelielewa, maana gurudumu lilivunjika kweli. Hayo mengine akayatemea mate chini, akaondoka. Siku tatu za kusubiri si nyingi ukizisema. Kwenye chungu zinaonekana.

Ndipo nikaanza hesabu yangu. Mama hakunituma. Niliianza kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri kuliko yule mwinjilisti.

Sasa nieleze jambo la ahadi, kwa sababu bila hilo mtu wa mahali pengine hatauelewa ujinga wetu. Katika usharika wetu mtu akiahidi, ameshatoa. Unasimama unasema, "Nitatoa kuku wawili," mwinjilisti anaandika, Jumapili inayofuata anasoma nje. Tangu hapo hao ni kuku wa Bwana, hata kama bado wanaparua uani kwako. Kula mmoja wao ni wizi. Mtindo huo ni mzuri kwa kanisa. Sisi, kwa akili zetu, tukauingiza kwenye kampuni. Mwenyekiti akimwahidi mtu hisa, mwinjilisti anaisoma mwishoni, baada ya wenye siku: "Na wa ahadi ni hawa." Watu wanaitikia kama wanavyoitikia kanisani, kisha wanakwenda kula. Hakuna aliyejali, kwa sababu mwenye ahadi hana siku bado. Haketi mlangoni na kopo. Wanaume wazima waliokwenda mpaka Tanga na kurudi walihesabu waliokaa mlangoni tu, wakasema, "Tupo ishirini na saba, si vibaya."

Mimi nilikuwa na hesabu mbili. Moja ya waliopo, moja ya waliopo pamoja na wanaokuja. Ya kwanza ilisimama palepale msimu mzima, ya pili ikawa inapanda. Nikiwa napalilia nilikuwa naziimba zote mbili, jina kwa kila pigo la jembe. Mdogo wangu alinicheka, akasema nimekuwa mwinjilisti wa magugu.

Walioahidiwa kwanza walikuwa shemeji zake mwenyekiti, ndugu za mkewe, wa huko Mlangali. Saba. Saba! Mlangali ni siku mbili kwa mguu, na hawakuwahi kusaga hata punje katika kinu chetu. Kisha mwinjilisti mwenyewe, moja, kwa kazi ya kusoma majina. Siku hiyo jina lake alilisoma haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Kisha dereva wa lori la barabara ya Makambako, nne, kwa sababu alisema atatuletea jiwe la pili la kinu. Jiwe hilo tunalisubiri mpaka leo.

Jioni moja ya mavuno nikamwambia mama, tukipukuchua mahindi, "Mama, sisi si wa ishirini na saba. Sisi ni wa thelathini na tisa."

"Nani kakwambia?"

"Nimewahesabu."

"Wataje."

Nikamtajia. Alisikiliza wote mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Rudia wa Mlangali." Nikarudia. Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Muuza ulanzi akitia maji anangoja usiku," akasema. "Huyu anatia mchana, tena anamwita mwinjilisti aje asome maji yamefika wapi."

Alikwenda kwa wenzake, mmoja mmoja. Alikwenda kwa wa pili, akamwambia. Wa pili akasema, "Dada, hao wa ahadi ni maneno tu, sisi ndio wenye siku." Alikwenda kwa wa kumi na mbili, mjane kama yeye. Akasema, "Mwenyekiti amesafiri, anajua ya dunia." Ya dunia! Mtu aliyeshinda chini ya mwavuli akiwahesabia wenzake majani ya mkonge.

Mwenyekiti alipenda sana kwenda Makambako. Huko kuna soko, kuna malori, kuna watu wasiomfahamu. Kila akirudi alikuwa na kitu kipya mwilini, skafu, saa isiyotembea, na kila akirudi hesabu yangu ya pili ilipanda. Safari moja alichukua mabati kwa mwenye duka mmoja wa huko, eti ya kuezekea kinu kilichokuwa kimeezekwa nyasi vizuri tu. Masharti yake yalisomwa nje ya kanisa kwa sauti tamu: mabati yasipolipwa kufikia mavuno, mwenye duka atapata hisa nane. Watu wakapiga makofi kwa mabati. Mimi nikaongeza nane papo hapo, maana nilijua ghala la kampuni lina nini. Lilikuwa na daftari.

Na mabati yenyewe, nusu yake yaliishia kwenye nyumba ya mwenyekiti.

Mwishowe akajikumbuka yeye. Hisa kumi za ahadi kwa kazi ya kukaa kwenye kiti, na tatu kwa watoto wake, moja kwa kila mtoto, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mtoto hana jino hata moja na tayari ana siku ya kusagisha.

Sitini. Nilipofika sitini niliacha kuimba.

Baada ya mavuno ukaitishwa mkutano, nje ya kanisa kama kawaida. Mabati hayakulipwa, mwenye duka anataka hisa zake nane. Mwenyekiti akasema ni vizuri tumalize yote kwa pamoja, tuwe watu wa kuaminika, wote walioahidiwa wapewe siku zao kuanzia Jumatatu. Watu wakaitikia nusunusu. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kwani ni wangapi?"

"Wachache," akasema mwenyekiti.

Mama akanisukuma mgongoni. "Wataje."

Nilikuwa na miaka kama kumi na mbili, miguu imejaa matope, na mbele yangu wanaume wamekaa kwenye magogo. Nikafumba macho nikaanza. Ishirini na nne. Watatu. Saba wa Mlangali, mmoja mmoja, na majina ya baba zao. Mwinjilisti. Dereva, mara nne. Mwenye duka, mara nane, na kila nilipolitaja jina lake mtu mmoja alikuwa akikohoa. Mwenyekiti, mara kumi. Nilipofika kwenye jina la yule anayenyonya, mjane wa kumi na mbili akapiga yowe, "Hata huyo!"

"Sitini," nikasema.

Kila mtu akaanza kuhesabu vidole vyake kana kwamba vimeibwa.

Mwenyekiti hakutikisika, hilo nampa. Alitabasamu, akamgeukia mama. "Shemeji, mwanao ana kichwa. Sasa msaidie ahesabu vizuri. Sitini ni wiki kumi kamili. Ulilalamika nimekuhamishia Alhamisi. Kuanzia sasa siku yako inarudi Jumatatu na haihami tena. Nimekurudishia Jumatatu yako!"

Na kuna watu walicheka. Kuna watu waliona ni kweli, mama karudishiwa Jumatatu. Sitaki kusema ni nani, ila mmoja baadaye akawa diwani.

"Mara moja kwa wiki kumi," mama akasema.

"Ila ni Jumatatu."

"Na watoto wangu wale nini hizo wiki nyingine? Wale jina la siku?"

"Basi, nisikilize, wewe ni mke wa ndugu yangu. Nakuongezea hisa moja, uwe na mbili. Nani mwingine kati ya mliolipia ana mbili? Wewe peke yako."

Mama akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Mbili katika sitini na moja ni kama moja katika thelathini na nusu, na hapo bado hajaenda tena Makambako. Sikuijua kwa namna hiyo; niliyapitisha majina kichwani, toka mama mpaka mama, nikaona njia ndefu.

"Shemeji," mama akasema, "mimi nilikupa kinyungu kizima. Sikukupa kinyungu kinachopungua kila ukipanda lori. Nirudishie moja katika ishirini na nne, au nirudishie bustani yangu."

"Bustani ipi? Ile ni mali ya kampuni."

"Haya."

Kesho yake asubuhi alichukua jembe, mimi nikachukua jingine, mdogo wangu akabeba ungo wa mbegu. Tulikwenda pale mfereji unapoingia kwenye ardhi yetu, tukakata majani na udongo wake, tukajaza, tukakanyaga. Maji yakasimama, yakafikiri, yakarudi mtoni yalikozaliwa. Kufikia mchana tulikuwa tumeinua matuta manne na kupanda maharage. Chini kule tulisikia kinu kikipunguza sauti, kikaguna, kikanyamaza.

Mwenyekiti alikuja mbio, kofia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka jasho.

"Nitakupeleka Bomani! Njombe! Utafungwa!"

Mama akapangusa jembe kwenye nyasi. "Twende."

"Twende wapi?"

"Si umesema Njombe? Tukitoka sasa tunalala njiani kwa dada yangu, kesho asubuhi tupo. Chukua na daftari. Huyu mtoto atawatajia hao sitini, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma, atauliza kila mmoja alilipa nini. Nenda kavae viatu, mimi nakusubiri hapa."

Akaenda kuvaa viatu. Sidhani kama alivipata, kwa sababu hakurudi.

Alifanya jambo lingine. Akatangaza mfereji mpya, kuzunguka nyuma ya kilima. Kila mwenye hisa aje na jembe, hisa moja siku moja ya kuchimba. Hapo sasa nikapata raha. Nilikwenda kukaa juu ya ukingo na ungo wangu wa mahindi, nikawa napukuchua na kuhesabu. Katika sitini walikuja kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa wa wale ishirini na nne wa kwanza, na wa kumi na tisa ni fundi seremala. Mlangali hakutoka mtu. Makambako hakutoka mtu. Jumbe alituma salamu. Mwenyekiti, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alidaiwa siku kumi na moja za kuchimba, kumi za kiti na moja yake ya mwanzo, alikuja na mwavuli.

"Wa thelathini na tano yuko wapi?" nilikuwa napiga kelele kutoka juu. "Wa arobaini na mbili? Anayenyonya amefika?"

"Mfungeni mdomo huyo mtoto!" mwenyekiti akasema.

"Mwache," akasema wa pili, yule aliyesema ahadi ni maneno tu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, viganja vimechubuka. "Mwache ahesabu. Sisi tulikuwa hatujui."

Siku ya tatu wakafika kwenye mwamba. Majembe mawili yakapinda. Jioni wakaja kwetu, wote kumi na tisa, bila mwenyekiti, wakasimama nje ya ua. Mjane wa kumi na mbili ndiye aliyetangulia.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Mmechoka?"

"Tumechoka."

"Na wa Mlangali wamechoka?"

Wakainamisha vichwa, wengine wakicheka kwa aibu. Mama hakuwakaribisha kukaa. Alijua akiwakaribisha itabidi apike, na unga ndio huo tuliokuwa tunagombania. Wa pili akasema tumekuja tujue unataka nini. Mama akasema mnajua ninachotaka, ishirini na nne, na isiwepo ahadi hata moja, kwa mtu yeyote, mpaka kinu kioze. Wakajadiliana palepale. Fundi abaki, alifanya kazi, na amechimba. Mama akakubali. Jumbe, aliposikia kwamba Boma limetajwa, alikwisha kusema hisa yenyewe hakuiomba. Mabati yaliyo kinuni yang'olewe, na yale ya nyumba ya mwenyekiti pia, yarudi Makambako kwa mwenyewe. Kaka yake mwenyekiti, watoto, wa Mlangali, dereva, wote nje. Na hisa kumi za kukaa kwenye kiti, nje. Waliposema hilo walilisema kwa pamoja, na kwa nguvu.

Ikabaki ya mwinjilisti. Hapo wote wakaangalia chini.

"Ni mtumishi wa Mungu," mmoja akanong'ona.

"Anasagisha kwa niaba ya Mungu?" mama akauliza. Lakini wao walikuwa na watoto wa kubatizwa. Basi mwinjilisti akabaki, tukawa ishirini na sita, na mama akawaambia ameimeza hiyo kama mtu anavyomeza inzi kwenye togwa, kwa sababu togwa ni chache.

"Kwa hiyo unafungua maji kesho?" wa pili akauliza.

"Nimepanda maharage."

"Dada!"

"Nimepanda maharage, na njegere. Mkiona yamekomaa mje. Wakati huo mwenyekiti atakuwa amepata nafasi ya kulifuta daftari lake."

Walisaga kwa jiwe kiangazi kizima. Wake zao walipiga magoti wakasaga, wakimtaja mwenyekiti kwa kila mzunguko wa mkono, na mkewe mwenyekiti alisaga akimtaja kuliko wote. Sisi tulikula maharage. Tulikula mabichi, tukala makavu, tukayaweka mengine kwenye vibuyu, na mama hakumwonea mtu huruma, wala mimi sijifanyi sasa kuwa niliwahurumia. Ghala lilipojaa tukafukua mfereji, sisi wenyewe, kwa majembe yaleyale, na upande mmoja mama akajiachia matuta mawili ambayo hakumwomba mtu ruhusa.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, majina yalisomwa upya. Mama alikataa mwinjilisti ayasome, akataka ayasome mwenyekiti kwa mdomo wake. Akayasoma, kofia mkononi, ishirini na sita. Mimi nilikuwa namfuata kimoyomoyo, na hakukosea. Akafunga daftari.

"Na wa ahadi?" mama akauliza.

Mwenyekiti akasema kitu kwenye kola ya shati lake.

"Sema kwa sauti, shemeji. Kuna watu wamekaa mbali."

"Hakuna wa ahadi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama akasimama, akakung'uta kitenge, akatuambia twende nyumbani, kesho ni siku ya kwanza na yeye ni wa saba, kuna wiki nzima ya kusubiri. Kabla ya mvua mwenyekiti alihamia Makambako moja kwa moja. Nilisikia ameanzisha kampuni nyingine huko, ya lori, na watu walikuwa wakijipanga kuingia. Hao sikuwahesabu. Walikuwa na vidole vyao.